Seli Zilizo Nyuma ya Mundu

Twahir mwanangu,

Najua utakunja uso ukiona nimekuita hivyo. Mimi na wewe tunapishana miaka minne tu, na tangu siku ile rafiki yako Kevo alipokusikia ukiniita Mama pale dukani umekuwa ukiniita "wewe" mbele za watu. "Eti huyu ndio mathe? Si ni sista yako?" alisema, akacheka mpaka akaketi juu ya kreti ya soda. Sikukasirika. Lakini barua hii Kevo hataisoma, kwa hivyo niache niandike kama tulivyozoea.

Unajua jina hilo lilivyoanza. Nilipewa jina la mamake Baba, Bibi Mwanaidi aliyebaki Mombasa, na mtu hamwiti mamake kwa jina. Ndiyo maana Baba ananiita Mama tangu nikiwa kwenye nepi. Wewe ulipoanza kusema ukaiga. Mama mwenyewe alikuwa akicheka, akisema nyumba hii ina mama wawili na mmoja bado ananyonya kidole. Kisha akafariki, wewe hata kutembea vizuri hujajua, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukurekebisha. Shangazi alikaa nasi mpaka nilipoweza kuinua sufuria ya wali bila kuimwaga, akaolewa Malindi, na jina likabaki kwangu pamoja na sufuria.

Sasa ni baada ya adhuhuri. Umekwenda kwa kinyozi, Ngong Road, kwa sababu shule inataka kichwa kitupu. Baba amekwenda mjini kutafuta kufuli ya sanduku lako. Sanduku lenyewe liko wazi hapa kitandani na ninaandika nikiwa nimeegemea kifuniko chake. Pamenyamaza sana. Nasikia mfereji wa Mama Njeri ukidondoka ng'ambo ya ua, na kwa mara ya kwanza nimefikiria kwamba kuanzia kesho nitausikia kila siku.

Sitaandika habari za vidonge, wala maji, wala sweta. Hizo unazijua na umechoka nazo. Nataka kukuandikia habari za damu, kisha habari za kitu nilichokufanyia vibaya miaka mingi nikidhani ni mapenzi.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa bayolojia alileta hadubini darasani. Ni moja tu, na ikitumiwa lazima mtu aishike mguu kwa sababu umelegea. Tulipanga mstari, kila mmoja apate kutazama kipande cha kioo kilichopakwa damu. Wenzangu walitazama, wakasema "nimeona", wakaondoka. Mimi nilikwama pale mpaka aliyekuwa nyuma yangu akanifinya.

Nilichokiona kwanza ni zile nyekundu. Ni nyingi hata hazina nafasi, kila moja imebonyea katikati kama kitumbua kilichowekewa kidole kabla ya kupoa. Kati ya hizo, mojamoja, zimo nyeupe. Hizo ni kubwa, na ndani yake mna kiini cheusi, pengine cha mviringo, pengine kimegawanyika kama tangawizi. Na huku na huku kuna vitu vidogo sana, kama makombo yanayobaki kwenye sinia. Kitabu chetu kinaviita kwa Kiingereza. Mimi nimevipa jina la vijisahani. Ukijikata kwa wembe, vijisahani ndivyo vinavyokimbilia pale, vinashikana, vinaziba, na damu inakoma. Kovu lako la goti, ulipoanguka kwenye ukuta wa Mama Njeri ukiiba mapera, lilianzwa na vijisahani.

Mwalimu alisema seli nyeupe ni askari. Kila mwaka husema hivyo. Lakini nilisoma mbele nikaona ni zaidi ya hapo. Ziko zinazomeza vijidudu vizimavizima na kufa navyo. Ziko zinazotengeneza dawa ya adui mmoja tu, na adui huyo akirudi baada ya miaka zinamkumbuka. Homa yako inapopanda, mara nyingi ni zenyewe ziko kazini. Nyeupe zako hazina kosa, Twahir. Vijisahani vyako havina kosa. Nakuambia kwa sababu uliwahi kuniuliza kama damu yako yote ni mbovu, nami nilikuwa nakaanga vitunguu nikasema "nyamaza, usiseme hivyo". Hilo halikuwa jibu.

Shida iko kwa nyekundu. Kazi yake ni moja: kuchukua hewa safi mapafuni na kuifikisha kila mahali, mpaka kwenye ncha ya kidole cha mguu. Na ili ipate nafasi ya kubeba mzigo huo, kabla ya kuingia kazini hukitupa kiini chake. Haibaki na kitu cha ndani. Haiwezi kujigawa ikawa mbili, haiwezi kujitengeneza ikiumia. Hubeba kwa kama miezi minne mpaka ichoke, basi.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa kwenye meza ya jikoni, wewe umelala, na nililia kidogo, na sitaki ufikiri nililia kwa ajili yako.

Unakumbuka nilipofaulu darasa la nane nikaitwa shule ya bweni? Nilimwambia Baba sitaki, nataka shule ya kutwa hapa karibu. Nilisema bweni lina chawa. Wewe ulifurahi ukanipa nusu ya chapati yako. Si kweli kwamba sikutaka. Nilitaka hata nikajifunza kukunja blanketi kama wanavyokunja huko. Nilibaki kwa sababu nilijua nikiondoka hakuna mtu mwingine katika nyumba hii anayejua kukusoma. Hukunituma nibaki, wala Baba hakunituma. Lakini nilibaki, na siku nyingine, nikikupigia pasi shati, nilikuwa nakuchukia kwa muda unaotosha kupiga kola. Nilidhani huoni. Siku moja ukasema, "Mama, hilo liache, nitavaa hivyo hivyo." Nikajua unaona.

Damu yako ni nyekundu kama ya wengine inapotoka mapafuni. Ila ikishatoa hewa iliyobeba, baadhi ya seli hupinda na kuwa ngumu, zikachukua umbo la mundu. Mshipa mpana zinapita. Mshipa mwembamba, wa kupita seli mojamoja, hazipiti. Ya kwanza inakwama. Iliyo nyuma yake huenda ni nzima, imebonyea vizuri, haina neno, lakini nayo imekwama. Na iliyo nyuma ya hiyo. Mbele yake mfupa unangoja hewa. Ule uchungu wako ni mfupa unaongoja.

Nimeufikiria sana mstari huo wa seli zilizo nyuma.

Sasa nije kwenye viatu.

Hakuna aliyewahi kukuambia jambo hili, na nadhani hata wewe hulijui. Uchungu ukikuanza husemi. Tangu ukiwa mdogo husemi. Unanyamaza, kisha unakwenda mlangoni, unapanga viatu. Unaviweka viwiliviwili, visigino ukutani, vya Baba kwanza. Mimi nikisikia viatu vinasogezwa naweka maji motoni kabla hata sijakutazama. Nilipokuwa mdogo nilijivunia. Nilijiona kama mganga. Baba alikuwa akiniuliza, "Mama, umejuaje?" nami sikumwambia, maana kilikuwa kitu changu pekee ambacho si sufuria.

Mwaka ule ulipotaka kufunga Ramadhani ulikuwa na miaka kumi. Daktari alishasema usifunge, mwili wako unataka maji mchana kutwa, na Baba alikubali, na ustadhi wa madrasa alikubali. Waliokataa ni wenzako. Walikuita kobe, kama mtu mzima anayekula kwa kujificha, na mmoja akawa anainama anatembea polepole kila ukipita. Ulirudi ukaniambia, "Nataka siku moja tu. Moja. Nikiulizwa niseme nimefunga." Ningemwita Baba. Badala yake nilikuamsha daku, nikakunywesha maji mpaka tumbo likalia, nikakuacha nyumbani upumzike, nikaenda shule.

Niliporudi, Mama Njeri alikuwa anaanika nguo kwenye ua.

"Wewe Mwanaidi," akaniita, "wacha nikuambie, huyu kijana yako ako na mpango. Nimepita hapo kwenu nikamkuta amepanga viatu zote. Zote, hata zile za kutupa. Wangu nikiwaambia wapange hata soksi, ni vita."

"Alipanga saa ngapi?"

"Asubuhi, hapo baada ya watoto kuenda shule. Nikamwambia, mtoto mzuri, Mungu akubariki. Akanyamaza. Ana haya, huyo."

Mama Njeri hakukosea. Aliona mtoto mwenye adabu, kwa sababu ndivyo ilivyoonekana. Nilikukuta umelala sakafuni jikoni, midomo imepasuka, na bado hukuwa umekunywa maji kwa sababu jua halijatua.

Hospitalini nafikiri hukumbuki mengi. Mimi nakumbuka daktari, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Aliinama kwako akakuuliza, "Kijana, ni wapi kunauma?"

Nikasema, "Mapajani na mgongoni."

"Nimeuliza yeye."

"Yeye hasemi."

"Ni bubu?"

"Si bubu."

"Basi mngoje aseme."

Akangoja. Ulinitazama mimi. Hukumtazama yeye, ulinitazama mimi, na macho yako yalikuwa kama ya mtu aliyeshikilia mlango ambao mwenzake ameufunga akaenda na ufunguo. Nilijiambia nitanyamaza. Kisha nikasema tena, "Mapajani, daktari. Na mgongoni. Na kifuani kumeanza." Daktari akanitazama, akasema, "Siku moja hutakuwepo, msichana." Hakusema kwa ubaya. Akaandika.

Walisema unahitaji damu, na jamaa walete watu wa kutoa. Jamaa zetu wote wako Pwani. Mimi umri ulikuwa haujafika. Aliyekuja ni Mama Njeri, na nyuma yake wanakwaya wa kanisa lake, moja kwa moja kutoka mazoezini, wengine bado na vitabu vya nyimbo mkononi. Baba alipomshukuru kila mmoja, Mama Njeri akaja kitandani kwako, pamba imebanwa kwenye kiwiko, akasema, "Twahir, sasa uko na damu ya kwetu Mutuini, watu wa kupenda mashamba. Usishangae ukianza kutafuta shamba ya kununua." Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu tulipoingia.

Nimejifunza baadaye kwamba damu waliyotoa ilikwenda akiba, na uliyopewa ilikuwa ya mtu tusiyemjua. Seli zenyewe zilikwisha zamani, maana haziishi hata nusu mwaka. Hakuna kilichobaki mwilini mwako cha mtu yule. Kilichobaki ni wewe.

Mwaka huu watu wa kukusanya damu walipokuja shuleni kwetu nami nilipanga mstari. Nesi akanipandisha kwenye mizani, akasoma, akanishusha. "Enda ukule ugali kwanza," akasema, na darasa zima likacheka. Hilo sikukuambia kwa sababu ningekuambia ungecheka pia.

Juzi Baba aliporudi kutoka kukuandikisha nilimuuliza kama amewaeleza. Ulikuwepo, lakini ulijifanya unatafuta kitu chini ya meza.

"Naibu wa mwalimu mkuu aliuliza kama ana tatizo la afya," Baba akasema. "Nikamwambia hana, alhamdulillahi."

"Baba."

"Wakijua watamrejesha. Watasema shule yao ni ya baridi, hatutaki dhamana. Nafasi kama hii haipatikani mara mbili, Mama. Wewe waijua hiyo kuliko mimi."

Sikujua mpaka wakati huo kwamba Baba alijua kwa nini nililikataa bweni.

Simlaumu. Anaogopa kwa namna yake. Lakini shule ile iko upande wa Limuru, ukungu hauondoki mpaka saa nne, na mnaoga maji baridi alfajiri, na Form One ndio wa mwisho kupata kila kitu. Nilikuwa nimeshapanga. Nilitaka kesho nije nawe kwa kisingizio cha kubeba godoro, nimvute matroni pembeni nimwambie kila kitu, mpaka habari ya viatu. Nilishatunga na maneno. Kisha jana, nikipanga nguo zako, nikamuwaza matroni anakutazama viatu, na baada yake mtu mwingine, na mwingine. Maisha yako yote kuna mwanamke amesimama mlangoni anasikiliza viatu. Na wewe hujawahi kusema.

Hilo ndilo nililokufanyia. Nilisema kabla yako kila mara, mpaka hukuhitaji mdomo. Nilidhani nakufungulia njia, kumbe mimi ndimi niliyekwama mbele, na wewe nyuma yangu, mzima, huna neno, hupiti.

Sina shauri la kukupa. Ninaogopa tu, kwa hivyo nakuambia ninachoogopa. Bweni lina vitanda vingi na viatu vingi. Ukivipanga vyote watakuita kijana safi. Pengine watakupa cheo. Na utakuwa unakufa.

Nimehamia kiti cha jikoni kuendelea kuandika, na nimesikia geti.

Ni wewe, najua unavyolivuta. Nilitaka nifiche karatasi, lakini umeishia mlangoni, huingii. Unafanya nini? Nasikia. Kimoja. Kingine. Vya Baba kwanza.

Niliinuka nusu, Twahir. Mkono wangu ulikuwa umeshaenda kwenye birika. Nikaketi tena. Naandika ili mkono uwe na kazi. Visigino ukutani. Sasa vyangu. Naandika chochote. Mfereji unadondoka. Kitumbua. Kiini. Sasa vyako.

Umeingia.

Ninaandika tena sasa, jioni imeanza, na nataka yaliyotokea yawe kwenye karatasi usije ukasema hayakutokea.

Ulisimama pale, kichwa kinang'aa, ukaniangalia. Nikasema, "Kinyozi amekuacha na masikio." Hukucheka. Ulingoja niseme lingine, lile la kila siku. Sikusema. Uliangalia birika, ukaona haliko motoni, na nikaona umeshtuka kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Mama," ukasema.

"Naam."

"Mguu."

"Mguu umefanyaje?"

Ukaweka mkono pajani. "Unauma. Wa kushoto. Hapa, juu ya goti. Ulianza kwa kinyozi."

"Unauma sana?"

"Kidogo. Lakini unauma."

Hapo ndipo nilipoinuka nikaweka maji. Ulikunywa, ukalala na chupa ya maji ya moto, na sasa uso wako umelegea, kwa hivyo najua umepoa. Hapana. Sijui. Nitakuuliza.

Kabla hujalala uliniuliza, "Utamwambia Baba?"

"Sitamwambia."

"Na matroni?"

"Huyo pia sitamwambia."

"Basi nani?"

Nikakufunika shuka, ukageukia ukuta. Nilidhani umekasirika.

Sasa hivi Baba ameingia na kufuli yake. Niko jikoni na karatasi imelowa kona moja. Ameona uko kitandani mapema hivi akajua, kwa sababu naye si mjinga. Ameita kwa sauti yake ya siku zote, "Mama, huyu anaumwa wapi?"

Nimeshika meza. Nimesema, "Muulize mwenyewe, Baba."

Kisha nasikia amevuta kiti, na anauliza kwa sauti ambayo sijamsikia nayo, kama anayebisha hodi nyumba ngeni, "Wapi, mwanangu?"

Na unamwambia. Sauti yako ni ndogo lakini napata kila neno. Juu ya goti. Wa kushoto. Kisha unasema lililobaki: "Na kesho nitamwambia matroni. Mimi mwenyewe. Wakinirudisha, wanirudishe."

Kinachosikika ni kufuli mpya mkononi mwa Baba. Anaifunga, anaifungua, anaifunga, anaifungua, anaona kama inafanya kazi.

Barua hii nitaiweka chini ya sweta la bluu. Ukifika hapa ujue kwamba nimekupikia, nimekufulia, nimekukeshea, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kigumu kama kuketi leo kwenye kiti hiki nikisikia viatu, nisiinuke.

Dada yako Mwanaidi,
ambaye ukitaka kumwita Mama atakuitikia, na usipotaka pia.